Uzoefu wangu na mashine ya mkono ya kukatia vigae katika nyumba ya kale, Lamu

Mwaka jana niliamua kuweka vigae vipya katika choo cha nyumba yetu ya Langoni. Fundi niliyemtaka alikuwa amefungwa na kazi ya Shela kwa miezi miwili, kwa hiyo niliagiza kutoka Mombasa mashine ya mkono ya kukatia vigae, yenye urefu wa sentimita 60, kwa shilingi 5,800. Nimeitumia kwa vigae vya kauri vya ukutani vya sentimita 25 kwa 40, na kwa vigae vya poselini vya sakafuni vya sentimita 40 kwa 40. Naandika kwa ajili ya mwenye nyumba anayejiuliza kama kifaa hiki kitamfaa, hasa katika nyumba zetu za matumbawe na chokaa.

Jambo lililonichukua siku nzima kulielewa ni kwamba mashine hii haikati kigae, bali hukichora na kukivunja. Kigurudumu kidogo cha kabaidi ya tungsteni hupita juu ya uso unaong'aa na kuacha mkwaruzo mwembamba. Kisha ukishusha mkono wa mashine, mguu wake hukandamiza pande mbili za mkwaruzo huku ukingo ulio chini ukizuia katikati, na kigae hupasuka kwa kufuata mstari ule. Mimi nilidhani nikipitisha mara tatu nitapata mchoro wa kina zaidi, na kila kigae kilipasuka upande usiotakiwa au kikameguka uso. Fundi alipopita jioni kunijulia hali, alitazama kidogo akasema, "Mwanangu, pitisha mara moja tu, na usikilize." Kweli, mkwaruzo mzuri una sauti yake, mchakacho mfululizo kutoka ukingo hadi ukingo, na pale sauti inaponyamaza ndipo kigurudumu kiliporuka na ndipo kigae kitakapokusaliti.

Nilijifunzia kwenye vigae vilivyopasuka njiani. Mzigo wetu ulishushwa kwenye lori Mokowe, ukapakiwa mashuani, kisha ukapandishwa vichochoroni juu ya punda, na vigae tisa vilifika vibovu. Nawashauri wenzangu wasivitupe vipande vya namna hiyo kabla ya kumaliza kazi.

Mahali ambapo mashine hii ilinisaidia kuliko nilivyotarajia ni kwenye kuta zisizonyooka. Ukuta mmoja wa choo ulikuwa na nafasi ya mwisho ya sentimita 11 chini na sentimita 8.5 juu, kwa hiyo hapakuwa na vigae viwili vya pembeni vyenye umbo moja. Kipimo cha pembe kilichokuja na mashine sikukigusa. Kwa kila kigae nilipima nafasi ya juu na ya chini, nikatoa nafasi ya saruji ya kuungia, nikapiga mstari wa penseli kwa rula, halafu nikakilaza kigae mpaka mstari ukawa sambamba na njia ya kigurudumu. Mikato hiyo ya mshazari ilitoka safi, na ukingo uliobaki na ukali niliusugua kwa jiwe la kunolea. Urefu wa sentimita 60 pia unatosha kukata kigae cha 40 kwa 40 kutoka pembe hadi pembe, kwani ulalo wake haufiki sentimita 57.

Poselini ni shughuli nyingine. Ni udongo uliochomwa hadi ukashikana sana, haunyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na ugumu huo huonekana mara moja kwenye kigurudumu. Kile kilichokuja na mashine kilianza kuruka baada ya vigae visivyozidi arobaini, jambo lililoniudhi kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba kingemaliza sakafu nzima. Nilinunua kingine, na hapo nikagundua kwamba vipimo vitatu vyote lazima vilingane: changu kina kipenyo cha milimita 22, unene wa milimita 2 na tundu la milimita 6. Aidha, vipande vyembamba vya chini ya sentimita 3 havikukubali kuvunjika kwa mstari hata nilipobadilisha kigurudumu.

Kwa vipande hivyo, na kwa mikato ya pembe inayozunguka bomba, nilitumia grenda ya milimita 115 yenye diski ya almasi. Chagua diski yenye ukingo mzima usio na mapengo. Ile yenye mapengo ni ya zege na mawe, nayo humegua uso wa kigae. Kwenye pembe ya ndani nilitoboa kwanza tundu dogo, kisha nikakata kuelekea tundu hilo kutoka pande mbili, na nyufa zilizokuwa zikikimbia kutoka kwenye pembe zikakoma.

Lakini grenda naiogopa kwa ajili ya vumbi. Vumbi la vigae lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Nilivaa barakoa ya N95 na miwani, nikaloweka vigae vya kauri usiku kucha, na nikakatia kiwandani, yaani ule ua wa ndani, kamwe si ndani ya choo. Maji sikuyamimina juu ya grenda inayozunguka, kwa kuwa ni ya umeme. Hata hivyo siku ya kwanza vumbi lilipanda hadi darini kwa jirani aliyekuwa ameanika nguo. Nilikwenda kumwomba radhi, na tangu hapo nilikuwa nikimjulisha mapema kabla ya kuwasha. Mashine ya mkono haina kelele wala wingu la vumbi, na kwa vichochoro vyetu hiyo pekee yatosha kuifanya chaguo langu la kwanza.

Hewa ya chumvi ndiyo adui yake mkubwa. Reli zilianza kutu ndani ya wiki tatu, na kigurudumu kikawa kinasita njiani. Sasa kila nimalizapo kazi nafuta vumbi kwa brashi kavu, napaka reli mafuta ya cherehani, na kigurudumu cha akiba nakihifadhi katika kichupa chenye mafuta hayo hayo.