Reli ipi ununue kwa treni zako ndogo za Ayalandi? Anza na mataruma

Siku hizi hakuna anayeniandikia kuuliza anunue kichwa gani cha treni ndogo ya mfano. Hilo watu wanalimaliza wenyewe: mmoja kachukua 071 ya Murphy Models, mwingine A Class ya Irish Railway Models, na wote wamefurahi. Malalamiko yanakuja baadaye, picha zikishapigwa. "Dada, nimetoa hela yote ile, mbona treni yangu inaonekana kama imepanda reli ya mgodini?"

Nikiomba picha, jibu ni lile lile. Kichwa hakina kosa. Tatizo liko chini yake.

Mwongozo huu basi ni wa reli tu. Sitapima uimara wala jinsi umeme unavyopita, maana karibu kila reli mpya inayouzwa leo inafanya kazi hizo vizuri. Mimi naangalia mataruma, vile vipande vya mbao au zege vinavyolala kukingama chini ya chuma: urefu wake na nafasi kati ya moja na jingine. Wauzaji hawayataji kabisa.

Msomaji wa Tanzania au Kenya ana faida hapa, kwa sababu tangu SGR ianze kuzungumzwa kila mtu anajua kwamba reli zina upana tofauti: mita moja ile ya zamani, milimita 1,435 hii mpya. Ayalandi wana yao, milimita 1,600. Sababu yake ni ya kuchekesha kidogo. Reli ya kutoka Dublin kwenda Kingstown ilifunguliwa mwaka 1834 kwa kipimo cha Uingereza cha futi 4 na inchi 8 na nusu. Ulster Railway wakajenga yao kwa futi 6 na inchi 2. Dublin na Drogheda wakachagua futi 5 na inchi 2. Serikali ilipoona vurugu inakaribia ikatafuta kipimo cha katikati, ikaangukia futi 5 na inchi 3, na mwaka 1846 kikawa sheria. Hadi leo treni za Dublin, Cork na Belfast zinatembea juu ya kipimo hicho, huku tramu za Luas pale Dublin zikitumia 1,435.

Sasa shusha hayo mezani. Treni zetu ndogo ni za kipimo cha OO, yaani milimita 4 kwa kila futi. Kwa hesabu hiyo reli ya Ayalandi ilitakiwa iwe na upana wa milimita 21. Inayouzwa madukani ni milimita 16.5, ambayo ukiikuza unapata kama milimita 1,257 za kweli. Mwingereza anayetumia reli hiyo hiyo amepunjwa milimita 178. Wewe wa Ayalandi umepunjwa 343. Hilo wengi wanalijua na wamelikubali, maana vichwa vyote vinavyouzwa tayari kutembea vina magurudumu ya 16.5.

Ambalo hawalijui ni kwamba reli za kawaida za OO zimewekewa mataruma ya kipimo kingine kabisa, HO, kile kidogo cha Ulaya bara na Marekani. Taruma lake lina urefu wa milimita 30 hivi, wakati taruma la Uingereza la futi 8 na nusu linapaswa kuwa 34 kwenye OO. Isitoshe, yamebanana. Kwa hiyo juu ya reli ambayo tayari ni nyembamba unaongezewa mataruma mafupi yaliyosongamana, na jicho linaamua lenyewe kwamba hii ni reli ndogo ya shambani. Kichwa cha 071 juu yake ni mtu mzima aliyevaa ndara za mtoto.

Ya kwanza, bila kuficha mapenzi yangu: Peco Bullhead, Code 75 (namba ya Code ni kimo cha chuma kwa maelfu ya inchi). Peco ni kampuni ya Devon, Uingereza, na hii ndiyo kazi yao bora. Chuma chake kina kichwa juu na chini, kinashikwa na vikombe vidogo kila kinapokutana na taruma, na mataruma yenyewe yana urefu na nafasi ya OO kweli. Upana ni ule ule wa 16.5, lakini ukiweka mabehewa juu yake, jicho linatulia. Ni kipimo cha Uingereza, si cha Ayalandi, nakiri, ila kati ya vyote vinavyouzwa tayari sijaona kinachokaribia zaidi. Kwa mtu anayejenga enzi za CIÉ, shirika la usafiri la serikali ya Ayalandi, stesheni ya mashambani yenye mataruma ya mbao na kichwa cha 141 kikivuta mabehewa mawili matatu, asitafute kingine. Kasoro zake ni bei, ambayo ni kubwa kuliko ya reli ya kawaida, na uchaguzi mdogo wa vipande vya kuchepushia treni. Nunua na viunganishi vyake maalumu.

Ya pili: Peco Code 75 ya mataruma ya zege. Ukijenga Ayalandi ya leo, ya vichwa vya 201 vikikimbia na mabehewa kati ya Dublin na Cork, mataruma ya mbao kwenye njia kuu yatakuaibisha. Hii ya zege bado ina kasoro ya HO, lakini inatibika nusu. Igeuze, kata vile viplastiki vinavyounganisha taruma na taruma chini ya chuma, kisha yasogeze moja moja yaachane kidogo. Urefu hutauongeza, lakini msongamano utaondoka, na msongamano ndio unaolisaliti jicho kwanza. Ni kazi ya jioni nzima. Weka redio karibu. Kokoto zikishamwagwa na kupakwa gundi hakuna atakayejua.

Ya tatu: kujitengenezea ya milimita 21. Wanaofanya hivi nawavulia kofia. Unakata mataruma mwenyewe, unapanga chuma kwa vipimo, unachomelea, halafu unang'oa magurudumu ya kila kichwa na kila behewa na kuweka mengine mapana. Ukimaliza una Ayalandi halisi. Wengi huishia na mita moja ya reli na kabati limejaa magurudumu.

Ya nne: Code 100 ya kawaida. Chuma kina kimo cha milimita 2.54, kikubwa mno kwa macho, na mataruma ni ya HO. Sababu moja tu ya kuinunua ni kama una vichwa vya zamani vya Lima, vile vya rangi za CIÉ, kwa kuwa kingo za magurudumu yake ni ndefu na zitagonga vikombe vya Code 75. Iweke pale ambapo haionekani.

Reli za kwenye boksi la watoto, zile za mikunjo iliyokatwa tayari: ni za watoto. Za mitumba mtandaoni, angalia kutu.

Kuna kitu kinaniuma kila nikikikumbuka. Ayalandi ilikuwa pia na reli nyembamba za futi 3: Donegal, iliyofungwa mwisho wa 1959, na West Clare, Januari 1961. Futi 3 kwenye OO ni milimita 12 kamili, hakuna kupunjwa hata kidogo, na Peco wanauza reli ya upana huo iliyobuniwa kwa treni za mita moja, ndugu za reli yetu ya kati. Yaani reli zilizokufa ndizo unaweza kuzijenga kwa kipimo sahihi, na zinazotembea leo huwezi.

Sasa wauzaji. Reli ya kupinda inakuja kwa vipande vya sentimita 91, na maduka mengi hayataki kutuma kimoja kimoja kwa sababu kinavunjika njiani, hivyo yanakulazimisha boksi la vipande 25. Kwa meza ya sebuleni unahitaji sita. Ukiishi Ayalandi na kuagiza Uingereza, tangu 2021 kuna VAT ya asilimia 23, na huenda ukatozwa ushuru wa forodha juu yake. Hilo ni la serikali, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayekutoza bei yenye VAT ya Uingereza ndani yake, asilimia 20 ambayo hapaswi kuichukua kwa mzigo unaotoka nje ya nchi, kisha anakuacha ulipe ya pili mlangoni. Mwambie aiondoe kabla hujaingiza kadi.

Na kabla ya hapo muulize swali moja: mataruma ya reli hii yana urefu wa milimita ngapi? Akikujibu kwamba reli zote ni sawa, tafuta duka jingine.