Seti ya filta ya koni kwa gari ndogo: vibano vibaki, koni irudi dukani

Seti hizi zinazotundikwa kwenye maduka ya spea zinafanana sana: bomba la alumini la milimita 76 lenye kona moja, filta ya koni nyekundu, hozi mbili za silikoni, vibano vinne, na kifilta kidogo cha kupumulia kinachotosha kwenye kiganja. Boksi halina jina la mtengenezaji wala aina ya gari. Muuzaji atakuhakikishia inaingia Vitz, IST, Passo na Fit. Kuingia inaingia. Tunachoangalia hapa ni inafanya nini ikishafungwa kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE ya 1.5, inayotembea Mwanza, kwenye vumbi la Mwanza na mvua zake.

Tuanze na kizuri. Vibano ni vipana, vinakaza sawasawa bila kukata hozi. Hozi za silikoni ni nene na hazisinyai injini inapovuta kwa nguvu. Bomba lenyewe ni safi, ila kingo zake zimekatwa ovyo: pitisha tupa, kisha msasa, halafu lioshe na ulikaushe ndani kabla ya kulifunga. Unga wa alumini ukibaki humo unaelekea moja kwa moja kwenye silinda.

Kasoro kubwa ni kipenyo. Kwenye 1NZ-FE, sensa ya hewa (MAF) imekaa kwenye plastiki ya boksi la filta, na kompyuta ya gari imefundishwa kusoma hewa ikipita kwenye tundu la ukubwa ule tu. Sensa haioni hewa yote. Inapima inayogusa waya wake wa moto, kisha kompyuta inakadiria iliyobaki. Chukua mfano: plastiki ya kiwandani ina kipenyo cha ndani cha milimita 60, wewe unahamishia sensa kwenye bomba la 76. Eneo la kupita hewa limeongezeka kwa asilimia 60. Hewa inapita taratibu mbele ya waya, sensa inaripoti kidogo kuliko kilichoingia, na mafuta yanamwagwa pungufu. Kompyuta itajitahidi kuongeza mpaka ifike ukomo wake, ndipo taa ya injini inawaka na kodi ya hitilafu ya P0171 (mafuta ni pungufu kwa hewa iliyopo). Dereva ataona gari linasitasita ukikanyaga mafuta ghafla, na asubuhi halitaki kuwaka kwa mara moja. Fundi asiyejua atakuuzia plagi, kisha pampu ya mafuta, na kodi itarudi.

Kama umeshanunua seti na hutaki kuirudisha, usihamishe sensa. Kata plastiki ya zamani inayoishikilia, iache na urefu wake wote ulionyooka, uiunge kwenye bomba kwa hozi. Kabla ya sensa iwepo njia iliyonyooka ya sentimita 15 hivi, kwa sababu hewa iliyotoka kwenye kona inazunguka na usomaji unarukaruka. Sensa ina alama ya mshale. Uelekee kwenye injini. Honda Fit ya kizazi cha kwanza haina balaa hili, maana inapima shinikizo kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), kwa hiyo kipenyo cha bomba hakiipotezi hesabu.

Kile kifilta kidogo wengi wanakichomeka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kisha wanaziba tundu la hozi kwenye bomba. Kinapendeza kwa macho, lakini injini inavuta hewa kupitia hapo, inashuka kwenye kava, inapitia vali ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) hadi kwenye manifoldi, na hewa hiyo sensa haijaipima. Isitoshe, vumbi linaingia kwenye oili. Irudishe hozi ya asili, uiunge kwenye bomba baada ya sensa, kabla ya throto (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini).

Sasa joto. Koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta. Hewa ya nyuzi 30 ikipanda hadi 60 inapoteza takriban asilimia 9 ya uzito wake, na kwenye foleni ya Buzuruga saa nane mchana chini ya boneti panafika huko bila shida. Mwanza tayari tuko juu: uso wa ziwa peke yake uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko la Dar es Salaam. Hakuna filta inayorudisha hiyo. Kuipa injini hewa ya moto juu ya upungufu huo ni kujipunguzia nguvu kwa hela yako mwenyewe. Mlio utaongezeka, ndiyo, na ndio unaowafanya watu waape kwamba gari limekuwa jepesi.

Madai ya kuokoa mafuta tuyaache kabisa. Ukiendesha kawaida kutoka Nyakato hadi mjini, mlango wa throto uko nusu wazi au chini ya hapo, na huo ndio unaobana hewa. Filta safi ya karatasi haijakuzuia chochote.

Kinachofaa zaidi ni kulibakiza boksi la kiwandani na kulipelekea hewa baridi. Unahitaji hozi ya plastiki yenye mikunjo, ya milimita 63 hadi 75, urefu wa sentimita 60 hadi 80. Vibano viwili vya ile seti. Kebo tai sita. Na kipande cha wavu wa madirisha. Fungua bampa upande wa boksi, pitisha hozi kutoka kwenye mdomo wa boksi hadi nyuma ya shoo ya mbele, kando ya rejeta, mbali na mkanda na feni. Funga kila sentimita 15 isisuguane na chuma. Mdomo wake uwe usawa wa taa za mbele, usishuke. Wapo wanaoushusha hadi chini ya bampa ili upate hewa ya barabarani. Mto Mirongo ukifurika pale Mabatini, gari la namna hiyo linakunywa maji. Maji hayabanwi, pistoni inakwama katikati ya safari yake, na konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Hapo ni injini nyingine.

Wavu usiupuuze. Wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi wakitua barabara ya Kirumba usiku mmoja, asubuhi unakuta mdomo wa hozi umefunikwa uji mweusi. Ng'oa wavu, suuza, rudisha. Bila wavu uji huo unaganda kwenye filta.

Koni nyekundu yenyewe ni ya pamba yenye oili, na matundu yake ni makubwa kuliko ya karatasi. Kwa barabara za changarawe za Buhongwa na Kisesa hatuipendekezi. Ukiipaka oili kidogo, inapitisha mchanga laini unaokula ringi. Ukizidisha, oili inaruka na kuganda kwenye waya wa sensa. Sensa iliyochafuka inafunguliwa kwa skrubu mbili, betri ikiwa imechomolewa. Puliza dawa maalumu ya kusafishia sensa za hewa, usitumie ya kabureta, usiuguse waya kwa kitambaa wala kidole, na uache ikauke dakika 10.

Baada ya kufunga, chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) kwenye gari lililopata moto. Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, yawe ndani ya asilimia 10 juu au chini. Yakizidi juu, tafuta hozi inayovuja. Joto la hewa inayoingia, gari likiwa mwendoni, lizidi la nje kwa nyuzi 10 tu au pungufu. Kwa mdomo wa hozi uliokaa vibaya au wavu ulioziba, namba hii ndiyo inayokuonyesha mapema.

Ukifikisha kilomita 500, kaza vibano upya, kisha fungua hozi upande wa throto na upitishe kitambaa cheupe kilicholowana ndani ya bomba. Kikitoka na mstari wa kahawia, kuna vumbi linalopita, na filta hiyo itolewe siku hiyohiyo.