Nguzo ya vibuyu 24: nyota moja, halafu tatu, halafu sijui

Nilisema nikitulia ndiyo niandike. Nimengoja wiki, wiki zikawa mwezi, na kila nikiiangalia ile nguzo hapo uani damu inapanda upya. Basi naandika maoni yangu ya mnunuzi hivi hivi.

Ni ile nguzo ya alumini ya kutundikia vibuyu 24 vya mbayuwayu kuzalia, fremu yake inapanda na kushuka kwa winchi ya mkono, unayoizungusha kwa mpini. Urefu na unene wake umeandikwa kwenye tangazo, kasomeni huko. Kampuni siitaji. Aliyekwisha kununua ataijua kwa ile winchi.

Kwa wenzangu mlioko nyumbani mnaojiuliza mtu mzima anafuga mbayuwayu kwa nini: hawafugwi. Wanakuja wenyewe. Mimi naishi kusini mwa Houston, njia ya kwendea Galveston, na hawa mbayuwayu wa zambarau wanatufikia kutoka Brazil toka mwisho wa Januari. Dume ukimtazama kivulini utasema mweusi tu, lakini jua likimpiga anang'aa kama zambarau iliyoiva ikapanguswa kwa kanga. Na upande huu wa Marekani, mashariki ya milima ya Rocky, wamekwisha kuacha, karibu kabisa, mashimo ya miti. Karibu wote wanazaa kwenye nyumba wanazowekewa na binadamu. Walianza Wachoctaw na Wachickasaw, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, kuwatundikia vibuyu vya kweli, wazungu wakaiga, na mimi Mswahili wa Nungwi nimeingia mwishoni kwa kosa la jirani yangu, mzee wa Kitexas mwenye kofia kubwa kuliko akili yake (tunataniana, asije akakasirika). Yeye ndiye aliyenionesha wapi pa kusimamisha nguzo, peupe, mbali na miti, si chini ya mita kumi na mbili, ili kipanga asipate pa kujificha.

Nitoe sifa kwanza, nisionekane mchawi. Vibuyu vyenyewe ni vizuri. Ni vya plastiki nyeupe, vina kifuniko cha pembeni unachofungua kwa kuzungusha ukaingiza mkono, na tundu la kuingilia limekatwa kama mwezi mchanga, kimo chake kama milimita 30. Mbayuwayu anajilaza anapita, kwezi wa Ulaya, mnyang'anyi wa viota, anabaki nje anabishana na plastiki. Kwezi hawa hawakuwako huku. Waliachiwa New York mwaka 1890, kama sitini hivi, katika bustani ya Central Park, na sasa wametapakaa bara zima. Nasi Zanzibar tuna kunguru wetu walioletwa kutoka India, kwa hiyo hadithi hii siihitaji kuelezwa mara mbili. Kuna siku nimekaa barazani na kahawa nikimwangalia kwezi mmoja akihangaika pale tunduni robo saa nzima, na nikasema wallahi hii pesa imekwenda mahali pake.

Sifa zimeisha. Kwenye boksi wameandika kwamba mbayuwayu mmoja anakula mbu 2,000 kwa siku. Mimi nimetoka Unguja, mbu msinifundishe. Ndege hawa wanawinda mchana, juu sana angani, na mbu wanatoka wakati wa magharibi, chini kwenye miguu yako. Ninachokikuta ndani ya vibuyu ni mabawa ya kereng'ende. Mtu anayeweza kuandika uongo ule kwenye boksi, ningepaswa kujua hapo hapo kwamba winchi yake nayo itakuwa na maneno yake.

Sasa winchi.

Wazee wetu walikuwa watu wa majahazi. Nimekua nikiona tanga likitwekwa: henza na jarari, yaani kamba za kutwekea, makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) ya mbao yaliyochakaa mpaka yakawa laini kama sabuni, na watu wanavuta kwa wimbo. Kitu kizito kinachopandishwa juu ya vichwa vya watu kina adabu yake. Kila anayevuta anajua mahali pa kufungia. Hii winchi inafungia wapi? Inafungia kwa kijiulimi kimoja, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachoingia katikati ya meno ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Na kijiulimi hicho ni cha plastiki. Nilikiona siku ya kwanza. Nikajiambia, hawa ni watu wa viwanda, wanajua wanachofanya. Hapo kosa ni langu, nakubali. Au tuseme nusu langu.

Ilikuwa Mei, katikati au kupita kidogo. Wakati huo wa mwaka nakagua kila siku tano au sita: nashusha fremu, nafungua kibuyu kimoja kimoja, naandika daftarini. Palipoloa au pana viroboto natoa takataka zote na kuweka maranda makavu. Tena naweka maganda ya mayai yaliyopondwa kwa ajili ya majike. Kuna watu wanaamini ukimgusa kinda, mama yake anamsusa. Si kweli kwa hawa, wanakuzungukia kichwani wanapiga kelele, ukipandisha tu wanaingia na chakula mdomoni. Jambo la kuogopa ni kuwafungulia makinda waliokwisha kufika siku 22 au zaidi, maana hao wanaruka kabla ya wakati wao na kuanguka. Msimu huu nilikuwa na jozi 19. Vibuyu 17 vina makinda 78, viwili vina mayai.

Saa nne asubuhi nimemaliza kukagua, napandisha. Fremu imefika kama robo tatu ya nguzo nikasikia *tak*. Sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Mpini ukanipokonyoka, ukanipiga kiganjani mara mbili au tatu kabla sijautoa mkono, na fremu nzima ikashuka kwa uzito wake wote mpaka chini ikagota.

Kelele ile sitaki kuieleza.

Kibuyu namba 7 na namba 16 vilichomoka kwenye ndoano, vifuniko vikaruka. Makinda tisa kwenye majani. Wa namba 7 walikuwa watano, wa siku kumi na mbili hivi, macho wazi, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza kama misumari ya bluu. Wote wazima, wamekasirika tu, wameachama midomo ya manjano. Wa namba 16 walikuwa wanne, wa siku tano, wekundu, uchi, macho yamefumba. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Wa nne nilimkuta chini ya kiatu changu. Nasema chini ya kiatu kwa maana ya uwazi ule wa katikati, kati ya kisigino na soli. Hatua moja tu ningemmaliza kwa mguu wangu mwenyewe. Alikuwa na joto bado. Nikamtia ndani ya kibuyu namba 11, kwenye makinda wa umri wake, na nikamwomba radhi yule mama wa namba 11 kwa Kiswahili. Mayai ya jozi mbili za mwisho: manne yamevunjika yote, na kwenye kibuyu kingine mawili kati ya matano.

Mkono umevimba, juu wazazi wanalia, na fremu ipo chini kwenye kimo cha nyoka. Huku tuna nyoka wapandaji, wala panya na makinda, na ile kinga ya bati iliyofungwa kwenye nguzo haina maana kama vibuyu viko chini yake. Nikamwita mzee jirani. Akaja na kamba ya mashua na kapi mbili kutoka gereji yake. Yeye alitaka kufunga kwa namna yake. Nikamwambia mzee, weka kofia chini, hapa ni kwetu. Nikapitisha kamba kama jarari, yeye akavuta, mimi nikaongoza, tukatweka vibuyu vya mbayuwayu kama tanga la jahazi hapo hapo kwenye ua wa Texas. Fremu ilipofika juu nikafunga kamba kwenye kipande cha chuma mara mbili na nusu. Hatujarudi hatua kumi, dume wa namba 7 akaingia na kereng'ende.

Mchana ule nikapiga simu kampuni.

Kijana aliyepokea, sauti ya mtu anayetafuna kitu. Nikaeleza. Akaniuliza kama nilisoma maelekezo. Nimeyasoma, bwana mdogo, na nimeyatia kwenye plastiki. Akaniuliza fremu ilikuwa na uzito gani. Nikamwambia vibuyu 19 kati ya 24 mlivyoniuzia nyinyi. Akasema labda ndege wamezidi, dhamana haihusu uzito wa viumbe hai.

Nirudie, maana mimi mwenyewe nilimwomba arudie. Nguzo ya ndege. Dhamana yake haihusu ndege.

Nikamfanyia hesabu hapo hapo simuni. Kinda mkubwa kabisa ni gramu hamsini na kitu. Makinda 78, ukiwapima wote kama wakubwa, hawafiki kilo tano. Mfuko wa unga. Akanyamaza, halafu akasema, kwa upole kabisa, kama anayenifariji: "Mama, ni ndege tu. Wako wengi."

Nilikata simu. Mwanangu alikuwa jikoni, akaniuliza kwa nini nimenyamaza, maana mimi kunyamaza si kawaida. Nikaenda moja kwa moja kuweka nyota moja. Kungekuwa na sifuri ningeweka sifuri. Ndege hawa wanalindwa kwa sheria ya mwaka 1918, mimi siruhusiwi hata kuwadhuru kwa makusudi, na mtu anayewauzia nyumba anasema wako wengi!

Siku mbili tatu baadaye wakanipigia wao. Safari hii mama mmoja, mtu mzima, lafudhi ya huku huku. Hakuuliza maelekezo wala uzito. Swali lake la kwanza: "Wamekufa wangapi?" Nikamwambia watatu, na mayai sita. Kimya. Akasema pole. Akaniuliza yule niliyemhamisha anaendeleaje. Ikatokea kwamba naye ana vibuyu kwake, na miaka ya nyuma alipoteza makinda wa kutosha kwa baridi ya ghafla, akawa anawarushia mayai ya kuvuruga hewani kwa kijiko, wadakie. Tukacheka, maana nami nimefanya hivyo hivyo mwezi Februari huku majirani wananitazama. Akasema ananitumia winchi ya chuma, bure. Nilipoweka simu chini nikaenda nikabadilisha, nyota tatu. Nilikuwa nawaza hata nne.

Halafu usiku nikaamka. Kuna neno alilisema katikati ya mazungumzo, mimi nimelipita kwa sababu ya wema wake. Alisema: "Kile cha plastiki tumeshapigiwa simu nacho sana."

Sana! Kwa hiyo wanajua. Wanajua, na tangazo liko vile vile, picha ile ile, yule bibi anayetabasamu amekamata mpini kwa vidole viwili. Winchi ya chuma wanayo, inakaa stoo, na inatoka kwa yule tu aliyekwisha kuokota makinda kwenye majani. Nikarudisha nyota moja saa tisa za usiku.

Asubuhi nikaona nimemwonea yule mama. Yeye hakutengeneza winchi. Na vibuyu, narudia, ni vizuri, sijaona vinavyoshinda. Nikaweka mbili. Sasa sijui imesimama wapi. Msiiangalie nyota, angalieni kijiulimi. Mkiagiza, piga simu kwanza, uliza winchi ni ya chuma au ya plastiki, na ukipokewa na anayetafuna, kata, jaribu kesho.

Winchi ya chuma ilifika mwisho wa Juni, au Julai imeingia, wakati vibuyu vingi vimekwisha kubaki vitupu. Nilitakiwa kulipia usafiri. Ndiyo, ile ya "bure". Nimelipa, sina nguvu ya simu ya tatu.

Iko gereji, ndani ya boksi, sijaifungua. Mzee jirani ananiuliza kila Jumamosi tuifunge lini, nami namwambia kesho. Kamba yake bado iko juu. Kibuyu namba 11 waliruka wote watano.