Nimeifungua Class 37 ya mtumba mbele yenu: tusikilize ule mlio wa tik

Karibuni tena, wapenzi wa reli. Leo hakuna kisanduku kipya cha kufungua. Niko na hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera: injini ya dizeli ya Kiingereza, Class 37, modeli ya kipimo cha OO, yaani imepunguzwa mara 76.2, ya mtumba. Mkisikia kelele nyuma yangu, hao ni watoto wa ploti. Hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, ukingoja kimya ndipo urekodi, utarekodi usiku wa manane.

Jina la kiwanda sitalitaja, wala la aliyeniuzia. Kuna jambo lilinikera, na hii injini imeshapita mikono mingi, kwa hivyo sitaki kumbebesha mtu lawama isiyo yake. Ilinitoka shilingi elfu kumi na nne, kisha nauli ya kuisafirisha na ushuru vikapanda juu yake. Mke wangu anajua ni elfu sita. Naomba mnaomjua mtulie.

Mnauliza kwa nini Class 37, na si zile dizeli za Kimarekani zenye pua ya mviringo ambazo kila mtu anazo. Ni kwa sababu ya English Electric. Kampuni hiyo ndiyo iliyoiundia Uingereza injini hizi, 309 kwa jumla, kati ya mwaka 1960 na 1965. Miaka hiyo hiyo ilikuwa ikiuzia dizeli Reli za Afrika Mashariki, zile ambazo baadaye wenyeji wa reli walizijua kama kundi la 87. Kwa hivyo hapa mezani sina mgeni kabisa.

Nina jirani, mzee mstaafu wa reli. Nilimpa aishike. Akaipindua tumbo juu, akahesabu magurudumu kwa kidole, akaniambia, "Kijana, huyu ni binamu tu. Yetu ilikuwa na kijigurudumu cha kutangulia kila upande." Na ni kweli. Hii ina ekseli sita, tatu mbele na tatu nyuma, na zote zinasukuma. Zetu zilikuwa na nane: sita za kusukuma, na moja kila mwisho ya kusaidia kubeba uzito, maana reli yetu ya upana wa mita moja haikuwekwa kwa ajili ya kukanyagwa na mzigo kama ule wa Uingereza. Mzee hakusoma hilo popote. Alilipanda miaka.

Haya, vipimo. Injini halisi ina urefu wa mita 18.75 hivi. Gawanya kwa 76.2, unapata milimita 246. Rula yangu ya shule inasema 246. Hapo siwezi kuwalaumu. Sura pia wameipata: hii paji la uso lenye pua fupi, vioo viwili vya dereva, na grili ya feni huku juu iliyotobolewa kweli, unaona feni ndani. Rangi ya kijani imechubuka kidogo pembeni, lakini mimi hununua magurudumu, sinunui rangi.

Jambo moja la kuchekesha kuhusu OO, ambalo wengi hawaambiwi. Mwili umepunguzwa mara 76, lakini reli yake ina upana wa milimita 16.5, ule ule wa HO, kipimo kingine cha modeli ambacho hupunguzwa mara 87. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, reli hii ingekuwa ya milimita 1257, na ya Uingereza ni 1435. Injini imevaa viatu vya mdogo wake! Ukiitazama kutoka ubavuni huoni kitu. Itazame uso kwa uso na hutaacha kuona tena. Samahani, nimeshawaharibia.

Sasa twende kwenye kilichonikera. Tangazo lilisema "inatembea vizuri sana". Nikaiweka relini, nikafungua umeme pole pole. Kwenye volti tatu ikaanza kujivuta, taratibu, tamu kabisa. Kisha: tik. Tik. Tik. Sogezeni masikio, naiwasha. Mnasikia?

Mimi nilidhani ni uchafu. Nikafuta reli kwa pamba na spiriti, nikafuta magurudumu, vumbi la Nairobi likatoka jeusi kama masizi. Tik bado ipo. Yule mzee, amekaa pale kwenye kochi na chai yake, hata hakuinuka. Akasema, "Kuna jino limepasuka hapo." Nikamwuliza amejuaje. Akanijibu nipime umbali kati ya mlio na mlio.

Nikaweka rula kando ya reli. Mlio mmoja kila sentimita tano kasoro kidogo. Gurudumu hili lina kipenyo cha milimita 15, kwa hivyo mzunguko wake mmoja ni kama milimita 47. Maana yake tatizo liko kwenye ekseli yenyewe. Lingekuwa kwenye mota, milio ingefuatana kama mvua, kwa sababu mota huzunguka mara nyingi kabla gurudumu halijazunguka mara moja.

Nimefungua bogi ya nyuma, yaani fremu inayobeba magurudumu matatu ya nyuma kila upande, angalieni kwa hii lenzi. Gia ya plastiki imebanwa kwenye chuma cha ekseli. Miaka ikipita plastiki hunywea, chuma hakinywei, basi gia hujipasua yenyewe. Huo ufa hapo, mwembamba kama unywele, umepita katikati ya meno mawili na kuyatanua. Kila meno hayo yakifika kwenye gia ya juu, yanaruka. Tik. Usijaribu supaglu, plastiki hii haishiki gundi, na ikimwagikia kwenye meno ya pili umeua na yaliyo mazima. Dawa ni gia mpya au ekseli nzima. Nimeagiza.

Kwa hivyo ukinunua ya mtumba, usiridhike na picha. Omba video, injini itembee polepole, bila muziki nyuma. Muuzaji akikimbiza injini mbio kwenye video, ujue anaficha. Na omba picha ya tumbo: chuma cha chini kikiwa kimevimba au kina nyufa kama udongo wa kiangazi, achana nayo, hiyo ni zinki iliyochanganyika na risasi tangu kiwandani na haina tiba. Yangu iko salama hapo, chuma ni laini.

Umeme: hapa ndipo vitu vya Uingereza vinatufaa. Plagi yao ni hii yetu ya pini tatu za mraba, na stima yetu ya volti 240 haitaishtua transfoma yao. Ukileta ya Marekani, iliyotengenezewa volti 120, na kuichomeka moja kwa moja, utanuka moshi kabla hujafurahia. Mambo ya dijitali na spika ya kutoa sauti yapo pia, hii ina soketi ya pini nane, lakini sauti ya dizeli kutoka kwa spika ya ukubwa wa kifungo cha shati hainisisimui. Mnaoipenda mtanisamehe.

Nafasi ndiyo itakayowasumbua. Kona yenye nusu kipenyo cha milimita 438 inaipitisha, ila ukiongeza ukingo unahitaji ubao wa mita moja kwa upana. Nimekata plaiwudi futi nne kwa sita, inakaa juu ya kitanda mchana na usiku inasimama ukutani.

Je, ningeinunua tena? Kwa elfu nane, hata na tik yake, ndiyo. Kwa elfu kumi na nne nilipigwa, sina cha kujitetea. Lakini inavuta mabehewa sita bila kuteleza, na sijawahi kuiacha kwenye sanduku hata siku moja.

Gia ikifika nitaibadilisha mbele yenu. Mzee naye ameniuliza kama hicho kijigurudumu cha mbele kinaweza kuongezwa. Nimemwambia nitaangalia. Ameshaniletea waya.