Makumbusho ya Sardarapat, Armenia: usiishie Yerevan

Waswahili tunaofanya kazi Ghuba tumeizoea Armenia kwa sababu moja: ukiwa na kibali cha ukaazi cha huku, viza yake haina usumbufu mkubwa (masharti hubadilika, yaangalie kabla hujakata tiketi), na kutoka Dubai ndege huchukua kama saa tatu tu. Sikukuu ikikaribia mtu anafungasha, anatua Yerevan, mji mkuu, anapiga picha kwenye ngazi za Cascade, anapelekwa hekalu la Garni, monasteri ya Geghard na ziwa Sevan, kisha huyo anarudi kazini. Na mimi nilizunguka hivyo hivyo, nikafurahi. Ila ukitaka kujua Waarmenia waliishije majumbani mwao, walikula nini, waliogopa nini, nenda mahali ambapo wakala wetu wa safari hata hakupaweka kwenye ratiba: Sardarapat.

Pako karibu na kijiji cha Araks, mkoa wa Armavir, magharibi ya Yerevan, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Zipo daladala zao, marshrutka, zinazokwenda mji wa Armavir, lakini ukishuka hapo bado utahitaji teksi. Ushauri wangu: mkiwa wawili au watatu, chukueni teksi tangu Yerevan na mpatane kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Ukimwachia dereva aondoke, utapata tabu kumpata mwingine, maana pale ni mashamba matupu, mizabibu na miti ya matunda, na mlima Ararat umejaa upeo wote wa kusini. Mlima wenyewe, mita 5,137, uko upande wa Uturuki, na mpaka wa nchi hizo ulifungwa mwaka 1993. Kila Muarmenia ana picha yake ukutani lakini hawezi kuuendea moja kwa moja. Ukikaa nao kidogo utaona linavyowauma.

Unaanzia nje, kwenye mnara wa kumbukumbu uliojengwa mwaka 1968. Mafahali wawili wakubwa wenye mabawa, wa jiwe jekundu la tufa, wamesimama pande mbili za mnara wa kengele. Kengele zile zina kisa. Mei 1918 jeshi la Urusi lilikwishasambaratika kwa mapinduzi, na jeshi la Waosmani, yaani dola ya Waturuki ya enzi hizo, lilikuwa likija kuelekea Yerevan. Miaka mitatu nyuma Waarmenia wa upande wa Waosmani walikuwa wameuawa na kufukuzwa, na waliosalimika walikuwa wamejazana huku kama wakimbizi. Hapakubaki pa kukimbilia. Kengele za makanisa zikagongwa kuita watu, wakulima na mapadri wakajiunga na askari, na kwa siku chache wakawarudisha nyuma Waosmani hapa hapa Sardarapat. Tarehe 28 Mei jamhuri yao ya kwanza ikatangazwa. Kwa kweli mimi si mtu wa minara ya vita, na hii ya zama za Kisovieti hunielemea kwa ukubwa. Lakini ukishajua hiyo habari ya wakimbizi, vitu utakavyovikuta ndani utaviangalia kwa jicho jingine.

Jengo la makumbusho liko mbele zaidi, ukishapita njia ya sanamu za tai na ukuta mrefu wa nakshi. Mchoraji ramani wake ni Rafayel Israelyan, aliyebuni pia mnara wa nje. Alifariki mwaka 1973, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1978. Kwa nje utadhani ngome: kuta nene, karibu hazina madirisha. Ndani umeachwa uwazi mwembamba sehemu mbili tu, mmoja ukitazama Ararat, mwingine ukitazama Aragats, mlima mrefu kuliko yote iliyo ndani ya mipaka yao ya leo. Unatoka kwenye chumba cha kiza unagota kwenye ufa wa mwanga, na huo mlima huo hapo.

Lipia mwongozo. Narudia, lipia mwongozo, la sivyo utapita mbele ya vyungu ukisema "vyungu" na kutoka. Sisi tulimpata dada mmoja mwenye Kiingereza cha taratibu asiyechoka maswali, na bila yeye nusu ya haya nisingekuwa nayo.

Kilichonishika kuliko vyote ni vyombo vya chumvi. Ni vya udongo, vimefinyangwa kwa umbo la mwanamke: kichwa, mikono kiunoni, wengine na mapambo kifuani, na tumbo kubwa lililo wazi. Chumvi inachotwa tumboni. Mwenzangu, Mkenya wa Eldoret, alicheka kwanza, "Kaka, huyu mama analisha ukoo mzima!" Mwongozo akasema ndiyo maana yake hasa. Chumvi ilikuwa mali, ilikuwa kinga ya jicho baya, na aliyeishika alikuwa mama wa nyumba. Sogea karibu uone alama za vidole vya mfinyanzi kwenye udongo.

Karibu na hapo kuna mitungi ya kusukia maziwa, mizito, yenye masikio ya kushikia na kitundu kidogo ubavuni cha kutolea hewa na kuchungulia kama siagi imejitenga. Mtungi unalazwa, unabembezwa mbele na nyuma mpaka mkono ufe ganzi. Mimi ni mtu wa Singida, nimelelewa na bibi akisukasuka kibuyu cha maziwa mapajani, kwa hiyo hapo sikuhitaji kutafsiriwa.

Mavazi nayo usiyapite haraka. Wametenganisha ya mkoa na mkoa, na mengi ni ya sehemu ambazo leo hakuna Waarmenia, kama Van na Mush, huko Uturuki. Tazama aproni. Kwa mwanamke aliyeolewa aproni haikuwa nguo ya jikoni. Kutoka nje bila hiyo ilikuwa aibu. Zimetariziwa kwa uzi mpaka huoni kitambaa.

Mazulia yana rangi moja nyekundu ambayo nilidhani ni ya kiwandani. Kumbe asili yake ni mdudu! Mdudu mdogo anayeishi kwenye mizizi ya nyasi za udongo wa chumvi wa bonde hili la Ararat, hujitokeza juu alfajiri wakati wa vuli, na watu walikuwa wakiwakusanya, wakawakausha na kuwasaga wapate rangi. Siku hizi wamepungua, na mkoani humo humo Armavir limetengwa eneo la hifadhi kwa ajili yao. Hifadhi ya wadudu! Nilivyomwandikia mke wangu hakuamini.

Halafu ulizia habari za Kwaresima. Kitunguu kinachomekwa manyoya saba ya ndege, kinaning'inizwa darini, na kila wiki ikipita unyoya mmoja unang'olewa mpaka ifike Pasaka. Kilikuwa kalenda, na kilikuwa pia cha kutishia watoto wasidokoe nyama na siagi wakati wa mfungo. Mwanasesere wa mvua naye ana mambo yake: wakati wa ukame watoto walimvika ufagio nguo, wakampitisha nyumba kwa nyumba wakiimba, na wenye nyumba wakammwagia maji na kuwapa watoto mayai na unga. Kwetu vijijini ya mvua yalikuwa ya wazee. Kwao wameachiwa watoto, na nadhani hilo ni jambo zuri zaidi.

Sehemu ya vitu vya kale, zana za shaba na mikufu ya maelfu ya miaka, niliipita mbio. Ni nzuri, lakini Yerevan kuna kubwa kuliko hiyo. Vito vya fedha mpenzi wa vito atavifurahia. Mimi nilitazama mikanda tu.

Tenga nusu siku, si saa moja. Kutoka mnarani hadi mlangoni ni mwendo mrefu juani, na wakati wa kiangazi bonde hilo huwaka, hivyo beba maji na kofia. Jumatatu makumbusho mengi ya nchi hiyo hufungwa, piga simu kwanza. Chakula kula vijijini au Armavir, mkate wa lavash ukitoka moto kwenye tanuri la shimoni haulingani na ule wa hotelini. Na kama tarehe zako zinaangukia 28 Mei, amua mapema: siku hiyo viongozi na umati hufurika pale kwa sherehe za jamhuri. Mpenda ngoma na zurna, zumari lao, atafurahi sana. Anayetaka kusimama kwa utulivu mbele ya vyombo vya chumvi achague siku nyingine.