Ziara ya makaburi ya Luxor: nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za kijiji cha mafundi

Naandika kwa anayefikiria kulipia ziara ya siku nzima ng'ambo ya magharibi ya Nile, Luxor, Misri. Kampuni sitaitaja. Mpango ulikuwa huu: kuchukuliwa hotelini alfajiri, Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut (mwanamke aliyetawala kama Firauni), kijiji cha Deir el-Medina, Medinet Habu, kisha chakula na kurudi.

Mimi ni karani wa saiti, Dar es Salaam. Mwaka wa kumi na nne huu nashika daftari la mahudhurio na posho za mafundi. Nalisema mapema ili usishangae nikimpita Tutankhamun, yule Firauni kijana, mbio mbio.

Gari lilikuwa safi na kiyoyozi kinafanya kazi. Dereva, mzee mstaarabu, aliniita "ya hagg" tangu tulipoonana, ingawa Makka sijajaaliwa bado. Mwongozaji ni kijana anayeijua kazi yake. Hapo sina lawama.

Bonde la Wafalme, tiketi ya kawaida inakuingiza makaburi matatu. Tutankhamun ana tiketi yake pembeni, nami nikailipa, maana nani atarudi nyumbani aseme alifika mlangoni akaondoka? Maiti yake ipo, imefunikwa shuka, kichwa na miguu nje. Kijana wa miaka kama kumi na tisa. Chumba ni kidogo, na mali alizozikuta mchimbuaji Mwingereza Howard Carter mwaka 1922 zilishahamishiwa Cairo. Dakika tano zinakutosha.

Kaburi lililonishika ni la Ramses wa Tatu. Waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani, kwa hiyo kijana alituambia nje: mkiteremka, angalieni korido inapohama. Na kweli, unakwenda moja kwa moja, halafu ghafla njia inasogea pembeni ndipo inaendelea. Uchimbaji ulianza wakati wa baba yake, Setnakht, na mafundi wakatoboa kaburi la jirani, la Firauni Amenmesse. Kazi ikasimama. Mwana alipolichukua, ikabidi mstari usogezwe. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka mke wangu akanifinya. Nimewahi kuona msingi wa ghorofa ukihamishwa kwa sababu ya shimo la choo la jirani, ila sikujua Firauni naye yalimkuta.

Kwa Hatshepsut jua lilikuwa limeshapanda. Msifike pale saa tano kama sisi, ule uwanja hauna hata kivuli cha kijiti. Picha za safari ya Punt, nchi ya kale Wamisri waliyokwenda kufanya biashara, zipo upande wa kushoto wa baraza la kati: nyumba juu ya nguzo, miti ya manemane inabebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Kijana alinigeukia akasema Punt ni kwenu. Nikamwambia aniwie radhi, wataalamu wengi wanaiweka pande za Eritrea, Somalia na Sudan; Tanga ni mbali bado.

Sasa lawama. Toka hapo tulipelekwa "kuona mafundi wa alabasta". Mafundi walikuwa watatu, wamekaa mlangoni, wanagonga jiwe dakika mbili tatu, halafu unasukumwa dukani. Karkade ililetwa, ambayo ni choya yetu ile ile. Taa ikawashwa ndani ya chombo ili tuone jiwe linavyopitisha mwanga. Bei ilishuka hadi nusu kabla sijafungua mdomo. Saa moja na nusu! Tulipofika Deir el-Medina, tukaambiwa tuna dakika ishirini na tano.

Na pale ndipo penyewe. Deir el-Medina ni kijiji cha watu waliochimba na kuchora yale makaburi ya wafalme. Hawakuwa watumwa. Walikuwa na nyumba, nyapara, karani, na posho ya mwezi: ngano ya mkate na shayiri ya kutengenezea pombe. Juma lao lilikuwa la siku kumi. Misingi ya nyumba bado ipo, imebanana ukuta kwa ukuta kando ya njia moja nyembamba, kama vyumba vya kupanga uswahilini. Maji hayakuwepo, yalikuja kwa punda. Kuna shimo kubwa nyuma, na humo wachimbuaji walitoa maelfu ya vigae na vipande vya mawe ya chokaa vyenye maandishi: madeni, kesi, barua, risiti.

Kijana alikuwa na picha ya kipande kimoja, kiko British Museum, London. Ni daftari la mahudhurio! La mwaka wa 40 wa Ramses wa Pili. Majina ya mafundi arobaini, tarehe za kukosa kazi, na sababu imeandikwa juu ya tarehe kwa wino mwekundu. Huyu anaumwa macho. Huyu kaumwa na nge. Huyu anapika pombe. Huyu anamfunga sanda mama yake. Nami hutumia kalamu nyekundu.

Kisha akatueleza mgomo. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, yule yule mwenye kaburi lililopinda, posho ilichelewa siku kumi na nane. Mafundi wakatupa zana, wakapita kuta za ulinzi wakisema wana njaa, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Wakadai wasikilizwe na Firauni mwenyewe: hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki wala mboga. Walilipwa, posho ikachelewa tena, wakagoma tena. Karani aliyaandika yote kwenye mafunjo, na mafunjo hayo yako Turin, Italia.

Zikabaki dakika tisa za kaburi la Sennedjem, fundi wa pale kijijini. Ngazi ni kali, unainama karibu kutambaa, halafu unasimama ndani ya chumba kisichozidi sebule ya kawaida, dari la kuba, rangi ya njano kote kama imepakwa jana. Sennedjem anavuna kwa mundu, mkewe Iyneferti nyuma yake anaokota masuke, wote wamevaa kitani cheupe kisicho na doa. Shamba la peponi hilo, halichafui nguo. Kaburi la mfalme lilinishangaza. Hili nilitaka kulikalia.

Medinet Habu tulipita tukiwa tumechoka. Ni hekalu la huyo huyo Ramses wa Tatu, na ukuta wa nje wa kusini umeandikwa kalenda ya sikukuu, na kwa kila sikukuu idadi ya mikate na pombe ya kutolewa sadaka. Nikawaza wale waliokaa na njaa nyuma ya hekalu, sikusoma zaidi.

Viatu vifungwe, maji lita mbili kwa kila mtu, na chenji ndogo ya walinzi. Na kabla ya kulipa, waambie duka la alabasta liondolewe, muda wake uhamie Deir el-Medina. Mimi niliwaandikia baadaye, wakajibu kwa adabu kwamba kituo hicho ni sehemu ya ratiba.