TAHADHARI: Muuza raki za mazoezi anayechoma matundu kwa gesi na kuyafunika kwa rangi

Ndugu zangu mnaotengeneza jimu za nyumbani, someni hii kabla hamjatuma advansi kwa mtu.

Kijana wetu mmoja hapa Mbagala alikuwa anapiga skwati na kilo 80 ndani ya raki, yaani fremu ya nguzo nne inayoshikilia chuma cha mazoezi. Alipochoka akaushusha mzigo juu ya pini za usalama, zile fimbo za chuma zinazopita kwenye matundu ya nguzo ili kudaka mzigo, kama tulivyomfundisha. Pini ya kulia ikachana tundu lake, ukuta wa nguzo ukakunjika kama kopo la maziwa, chuma cha mazoezi kikalala upande mmoja na sahani za uzito zikamwagika. Kilichomwokoa ni wepesi wake wa kuruka nyuma. Kifundo cha mguu kimevimba, lakini yuko mzima, namshukuru Mungu. Raki ile niliinunua mimi, kwa michango ya vijana wenyewe, kwa hiyo siwezi kunyamaza.

Jina la muuzaji siliandiki. Tangu nianze kumtafuta ameshabadilisha jina la ukurasa na laini ya simu, kwa hiyo mtamkuta kwa jina jingine. Mbinu yake ndiyo ile ile, na hiyo ndiyo nataka muijue.

Anaweka picha za raki nzuri sana, nguzo zimejaa matundu yaliyopangika kama shanga. Makubaliano yetu yalikuwa hivi: nguzo nne za skwea paipu ya mm 75 kwa 75, unene wa mm 3, urefu wa mita 2.1, matundu ya mm 25 kila baada ya mm 50. Bei 1,400,000, advansi 900,000, iliyobaki mzigo ukifika. Piga hesabu: matundu 36 mbele, 36 nyuma, mara nguzo nne, jumla 288. Aliyewahi kutoboa chuma anajua kwamba matundu 288 ya ukubwa huo ni kazi ya siku kadhaa hata kwa mashine ya kusimama. Yeye akasema nitapata kesho kutwa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kumuuliza anatoboa na nini.

Mzigo ulikuja na kirikuu saa moja usiku, giza limeshaingia, rangi nyeusi bado inanuka. Mwenyewe hakuja. Dereva akasema ameagizwa asishushe kitu mpaka hela iliyobaki iingie. Nikalipa, tukashusha, tukafunga, vijana wakashangilia.

Baada ya ajali nilichukua grenda nikaipasua ile nguzo ya kulia kwa urefu. Ndani kulikuwa na matone ya chuma yaliyoganda kuzunguka kila tundu, na bati limebadilika rangi ya bluu kwa moto. Hakuna tundu hata moja lililopitiwa na biti (keekee ya drili). Yote yalichomwa kwa gesi kwa kukisia, kisha kingo zikasawazishwa kwa bodifila, ile luji ya kuzibia bodi za magari, ikapigwa msasa, ikapulizwa rangi. Tundu lililoonekana mm 25 kwa nje, bodifila ilipobanduka likafika mm 31 na halikuwa duara. Pini ya mm 24 ikiingia kwenye tundu la namna hiyo inagusa sehemu moja ndogo tu, na uzito wote unakaa hapo.

Na unene? Mm 1.5. Nilipopokea mzigo nilipima mdomoni mwa nguzo kwa vernia (kifaa cha kupimia unene) nikapata 3 kamili, nikaridhika. Kumbe mdomoni alikuwa amechomelea kipande kingine kwa ndani, kirefu kama kidole, ili anayepima adanganyike. Huyu hakukosea kazi, alikaa chini akapanga.

Nilipompigia, kabla hajazima simu, alisema nguzo ni nyepesi kwa sababu ya matundu. Wengi wataukubali utetezi huo, kwa hiyo tuupime. Kipande kinachotoka kwenye tundu la mm 25 katika chuma cha mm 3 kina uzito wa kama gramu 11.5. Matundu 72 ya nguzo moja hayafikishi hata kilo moja. Nguzo nzima ya mm 3 kabla ya kutobolewa ina kama kilo 14, kwa hiyo baada ya kutobolewa inatakiwa ibaki na kilo 13 hivi. Nilizipeleka zangu kwenye mzani wa duka la nafaka: kila moja kilo 7 kasoro. Nusu ya chuma nilicholipia hakikuwepo.

Kitu kingine nilichogundua kwa kuchelewa ni kwamba nguzo hazifanani. Tundu la 20 kutoka chini upande wa kushoto lilikuwa juu kuliko mwenzake wa kulia kwa mm 11. Hii inatokea fundi akipima kila tundu kutoka kwenye tundu lililotangulia. Kosa la nusu milimita linajumlika mpaka juu. Fundi makini anapima yote kutoka mwisho mmoja wa nguzo, au anatengeneza kigezo chenye pini ya kuingia kwenye tundu lililopita. Vijana walikuwa wanalalamika kwamba chuma kinalala kushoto, mimi nikawaambia wanyooshe mgongo. Hilo linaniuma.

Kuna na sehemu ya pili ya utapeli, maana najua baadhi yenu mtasema bora nitoboe mwenyewe. Huyu bwana anauza pia biti, za rangi ya dhahabu, zimepigwa mhuri wa jina la kampuni kubwa ya Ulaya, anaziita kobalti, yaani za chuma kigumu kilichochanganywa na kobalti. Nilikuwa nimenunua sita kwake kwenye oda ile ile. Ya kwanza ilipinda ncha kwenye tundu la pili. Rangi ya dhahabu haina maana yoyote peke yake, inaweza kuwa rangi ya kupuliza. Zipime kwa tupa nzuri: ipitishe kwenye makali ya mitaro karibu na ncha. Kwa biti ya kweli tupa inateleza kama kwenye kioo. Kwa zile zangu ililamba chuma kama msumari. Msipimie kwenye shingo, kwa sababu hata biti nzuri nyingi shingo yake huachwa laini.

Sasa, kama lazima ununue raki ya mtu, nenda mchana na tochi. Toa kifuniko cha juu, mulika ndani mpaka katikati ya nguzo, chungulia matundu. Tundu la mashine ni duara, kingo zinang'aa, labda na ukucha mwembamba wa chuma. Raki zilizokatwa kwa leza nazo ni nzuri, matundu yake ni ya duara na hayana matone, msizikatae kwa kusikia neno moto. Pima unene kwenye ukingo wa tundu la katikati, achana na mdomoni. Kwaruza rangi kwa ufunguo pembeni ya tundu; ukitoka unga wa kijivu au wa pinki badala ya chuma, ondoka. Na pima uzito. Paipu ya mm 75 kwa 75 yenye mm 3 ina karibu kilo 40 kwa urefu wa mita 6, ya mm 2 ina kama 27. Uzito hauwezi kupigwa bodifila.

Mimi nimeanza upya. Paipu nimenunua kwa kuipima mbele ya muuzaji, kisha nikampelekea fundi mwenye drili ya kusimama. Anatanguliza tundu la mm 6, halafu anaweka ule msumeno wa duara wenye meno kama kikombe, mashine ikizunguka polepole, kama mara 250 kwa dakika, oili inadondoka muda wote. Anatoboa uso mmoja, anageuza, anatoboa wa pili kutoka nje. Nilikaa naye siku mbili nzima na hajamaliza nguzo ya tatu. Ndiyo kasi ya kweli ya kazi hii.

Polisi nimefungua jalada, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo. Biti zenye mhuri wa bandia nimezipeleka Tume ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Kama nawe umeuziwa, usitupe kitu: tunza ujumbe wa miamala, picha alizokutumia, na vipande vyenyewe, ukaripoti. Tukiwa wengi itakuwa vigumu kusema ni ugomvi wa watu wawili.

Nguzo zake tatu zilizobaki nimezikata vipande vifupi, asije mtu akaziokota akazifungia mzigo. Ile niliyoipasua nimeiacha uani kama ilivyo. Anayetaka kuona tundu la gesi linavyokuwa kwa ndani kabla hajaenda kununua, aje aangalie.